Sketi Iliyobana Upande Mmoja

2 Machi

Shajara hii nimepewa na mwenye duka la vitabu, kwa furaha ya koti lake. Ana kitambi cha kujivunia, lakini akiwa ndani ya koti langu utaapa hana. Hiyo ndiyo kazi yangu. Wengine wanashona, mimi nashona na kuficha. Kibiongo, nyonga iliyopanda, mguu mmoja mfupi, leta kwangu na utatoka umenyooka. Mtaa mzima unaniita Mfichaji, na jina hilo sijawahi kulikataa.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la karakana limevuja palepale pa mwaka jana, juu ya meza ya wifi yangu. Nilicheka kwanza, ndipo nikamsogezea ndoo.

6 Machi

Bora nimweleze huyu wifi, maana tunakaa chumba kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Ni mdogo wa mume wangu. Karakana aliianzisha mama yao, akatuachia sisi wawili, binti na mkwe, na sijui kama alitupenda au alitukomoa. Wifi anatumia cherehani ya umeme. Mimi nakanyaga kwa mguu, kama nilivyofundishwa na mama mkwe, kwa sababu mguu unaijua nguo, na mota haiijui. Mshono wa wifi si mbaya. Ni wa haraka tu. Yeye anasema wangu ni wa makumbusho.

9 Machi

Ameingia msichana anayetarajia kuolewa mwishoni mwa Mei. Bega lake la kushoto limeshuka tangu utotoni, uti wa mgongo ulipinda. Mafundi wawili wamemkataa.

"Wameniambia nijitupie mtandio tu," akasema, huku akitazama sakafu.

"Mwanangu, siku hiyo mama yako mzazi atasahau ni bega lipi," nikamwambia.

Wifi aliendelea kushona kwenye cherehani yake. Alijua kuwa sijitapi. Gauni la namna hiyo halichorwi kwenye karatasi, linajengwa mwilini mwa mtu, sindano kwa sindano, na hapa mjini sijui mwingine anayeliweza.

12 Machi

Sketi yangu ya kijivu imebana. Nimefumua upande wa kulia nikaiachia kidogo. Masika hunenepesha.

17 Machi

Kanyagio limekuwa zito na mguu wa kulia unaingia ganzi. Nimetia mafuta. Nimebadilisha mkanda. Bado zito.

20 Machi

Mvua. Vitambaa vyote vinanuka unyevu.

22 Machi

Nimepita zahanati kwa ajili ya ganzi. Nikaambiwa mshipa umebanwa kwa kukaa sana, nikapewa vidonge. Nimewaambia fundi asipokaa, nguo zitajishona zenyewe?

27 Machi

Sketi ya bluu nayo. Upande wa kulia tena. Vitambaa vya siku hizi vinaruka na kubana vikifuliwa, na vinaruka ovyo.

30 Machi

Leo nina ya kuandika, na nina hasira.

Mama mkwe alituachia kanuni moja: hakuna kujipima mwenyewe. Alisema mtu akijipima huvuta tumbo ndani na kujidanganya. Kwa hiyo kila mwaka, masika yakishakolea na wateja wakipungua, mimi nampima wifi na wifi ananipima mimi, kisha kila mmoja anamshonea mwenzake gauni. Ndiyo sikukuu yetu. Tunafunga mlango, tunakunywa chai, tunasemana.

Leo nilianza mimi kumpima. Nikamwambia kiuno chake kimehama, akaniambia nikitafute. Ikaja zamu yangu. Alipima kifua, kiuno, nyonga. Kwenye nyonga akasimama.

"Simama sawasawa, wifi."

"Nimesimama."

Akashuka na futi mpaka kwenye mapaja, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena.

"Paja la kulia limelizidi la kushoto. Si kidogo."

"Futi yako imevutika," nikamwambia. Na futi za kitambaa huvutika kweli, kila fundi anajua. Akachukua futi yangu, ninayoibadilisha kila mwaka. Ikasema vilevile. Nikamwambia kashika vibaya. Alitia kidole nyuma ya paja langu, akabonyeza, na umeme ukanitoka hapo ukakimbia mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Nilipiga ukelele hadi muuza viatu wa jirani akagonga ukuta.

"Hiki ni nini?" akauliza wifi. Kilikuwepo kitu kigumu, kimejificha ndani ya nyama, kikubwa kama limau. Alinishika mkono akaniongoza nikiguse mwenyewe. Nilikigusa. Halafu akaenda kwenye msumari ninapotundika sketi zangu za kubadilisha, akazigeuza ndani nje, moja baada ya nyingine.

"Umezifumua zote upande mmoja?"

"Masika hunenepesha."

"Hunenepesha paja moja?"

Mimi ninayeona bega la mteja limeshuka kabla hajavuka kizingiti, nimelikuta paja langu limevimba nikaliachia mshono, kama ninavyofanya kwa kila mtu, nikaendelea na kazi. Nililificha vizuri mno hata mimi mwenyewe nikadanganyika. Na aliyeliona ni huyu wa mshono wa haraka. Nimeudhika nalo hilo kuliko uvimbe wenyewe.

3 Aprili

Hospitali kubwa. Wameniingiza kwenye bomba la kupiga picha kwa sumaku. Linagonga kama cherehani iliyokatika jino. Nilitamani kuwaambia wanitolee bisibisi.

10 Aprili

Wamenichoma sindano nene na kutoa kipande kidogo cha uvimbe. Wanakipeleka maabara. Mume wangu alinishika mkono muda wote akitazama dirishani. Alifundisha hesabu maisha yake yote, lakini damu haiwezi.

11 Aprili

Bibi harusi amekuja kupimiwa. Nimembandikia kitambaa cha majaribio begani. Mguu unauma nikisimama. Sikumwambia.

14 Aprili

Mvua imekata njia, hakuna mteja. Wifi amenichemshia maji ya kukanda mguu bila kuombwa. Nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka ninyamaze.

19 Aprili

Daktari wa upasuaji ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, ana vidole virefu na hapotezi maneno. Alitukalisha sote watatu, mimi, mume wangu na wifi.

"Mama, hii ni saratani," akasema. "Imeota kwenye ala ya neva kubwa ya mguu. Ala ni lile gamba linaloifunika neva, kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Ni saratani ya nadra. Katika kazi yangu yote nimeiona kwa watu wachache mno."

Mume wangu alishusha kichwa. Mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza kilichonipitia ni majivuno. Hata ugonjwa wangu si wa kununua dukani, nimeshonewa kwa vipimo. Nikalisema kwa sauti. Daktari alinitazama kidogo, kisha akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichonifanya nimwamini.

Nikamwuliza kama hawezi kuufumua uvimbe taratibu na kuiacha neva mahali pake. Mimi nimefumua hariri bila kuacha tundu.

"Ningekuwa naweza, ningefanya," akasema. "Lakini uvimbe na neva vimekuwa kitu kimoja. Lazima nikate vyote pamoja, na kipande cha nyama nzima pande zote kuvizunguka. Nikibana kwenye kukata, uvimbe utarudi."

Hilo nililielewa upesi kuliko nilivyopenda. Doa likiingia kwenye kitambaa hukati kwa kulifuata ukingo wake.

"Na mguu?"

"Utabaki nao. Utatembea. Lakini chini ya goti hautakuwa na nguvu wala hutahisi kitu, na kifundo cha mguu na vidole havitakutii. Utavaa kifaa cha kuushikilia. Baadaye tutakupeleka kwenye mionzi."

"Na kukanyaga cherehani?"

Hapo akautazama mguu wangu. "Sijui, mama. Sijawahi kumpasua mtu anayeshona kwa mguu."

Picha ya kifua ni safi, haujasambaa. Anataka kunipasua haraka iwezekanavyo. Nikamwambia nina gauni la harusi mkononi, tupange baada ya hapo, mwanzoni mwa Juni. Akasema hawezi kunifunga kamba, lakini kitu hiki hakitaingoja harusi ya mtu.

20 Aprili

Nimewaambia nyumbani nimekata shauri. Juni. Nimempa mtoto wa watu ahadi, na ahadi yangu haijawahi kulala. Mume wangu hakubisha. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

21 Aprili

Usingizi mbaya. Paja linachoma.

23 Aprili

Mume wangu amenipa vidonge vyangu leo, na si vya hospitali. Alisema, "Umewavisha watu wengi nguo zao, mama. Mimi sitaki gauni lolote. Nakutaka wewe." Alisema akiwa amesimama mlangoni na mwavuli mkononi, halafu akatoka kwenye mvua bila kuufungua. Hatujazoeana maneno ya namna hiyo. Nimelia.

24 Aprili

Nilipofika karakana nilimkuta wifi ameshafika, jambo geni. Sanamu la kuvalishia nguo lilikuwa katikati ya chumba, limevalishwa gauni la kitambaa cha marekani, kile cha kufanyia majaribio. Bega moja la sanamu alikuwa amelichonga likashuka, akalizungushia tambara. Lile la kushoto.

"Angalia," akasema. "Usiniambie maneno matamu. Angalia kama unavyoangalia za watu."

Nilivaa miwani. Nililizunguka gauni, nikageuza ndani nje, nikapitisha kidole kwenye kila mshono. Bega halikujazwa pamba kama wanavyofanya wavivu. Alikuwa ameukata mgongo kwa mshazari, akavuta kola upande wa pili kidogo sana, hivi kwamba jicho linateleza bila kugundua kwamba limepelekwa. Ndiyo mbinu yangu. Sijawahi kumfundisha. Amekaa miaka yote akipiga soga, kumbe macho yako kwenye mikono yangu.

"Umefumua mara ngapi?"

"Usiulize. Tangu siku ile tulipotoka kwa daktari sijafanya kingine. Tazama." Akafungua pipa la vipande. Lilijaa marekani iliyokatwa na kukataliwa.

Nilitafuta kasoro kwa sababu mimi ni mimi. "Kwapa limekaza," nikasema.

"Halijakaza."

Kweli halikukaza. Nikavua miwani, mvua ikapiga bati.

"Wifi," akaniambia, "mimi nikipotea hapa karakana itabaki na wewe na itasimama. Ukipotea wewe nitabaki na mota yangu na pipa la vipande. Nenda kakatwe. Gauni nitalishona mimi, na nikiliharibu utanitukana ukiwa hai."

Tangu nimeolewa katika nyumba yao sijawahi kumjivunia mtu mwingine kuliko nilivyojivunia nafsi yangu. Leo nimemjivunia, na imeniuma kidogo, na nimefurahi. Mchana nimempigia daktari simu, asingoje Juni.

1 Mei

Kesho. Nimenyolewa paja. Nimemwachia wifi mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata mume wangu haruhusiwi kukatia karatasi.

6 Mei

Naandika kitandani, wodini, karibu na dirisha. Mvua bado inanyesha, naiona lakini siisikii.

Nilipozinduka waliniambia upasuaji umechukua mchana kutwa na umekwenda vizuri. Siku mbili za kwanza sikutaka kutazama chini ya shuka. Ya tatu nikapiga moyo konde. Mguu upo. Ni wangu, kovu la utotoni lipo kwenye goti. Nikauambia unyanyue vidole. Haukunyanyua. Nikaubana kwa kucha, sikuhisi, kana kwamba nimebana mguu wa meza. Nimeukanyagisha mguu huu tangu nikiwa msichana, umenilishia watoto na kuwasomesha, na sasa umelala tu pale, mgeni. Nililia kwa sauti, na mgonjwa wa kitanda cha pili akalia pamoja nami bila kujua sababu.

Leo daktari kafungua bandeji. Nikaomba kioo. Kovu ni refu, linaanzia chini ya kalio na kushuka karibu na goti. Nikalikagua. Hatua zote sawa, hakuna palipovutwa wala palipolegea, na pale lilipopinda kulifuata paja amepinda nalo bila kuacha mkunjo.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi mwenyewe."

"Ungekuja kwangu ningekupa cherehani siku hiyohiyo."

"Mama, kifungo cha koti langu kimeanguka tangu Januari," akasema. "Sijui kukishona."

Nikamtuma wifi alete uzi mweupe. Nimekishona nikiwa nimelala. Sasa ana deni la kunitunzia paja.

12 Mei

Wamenifundisha kutembea kwa magongo. Mguu unaburuza kama pindo lililofumuka.

15 Mei

Majibu ya maabara. Kingo ni safi pande zote, uvimbe wote umo ndani ya kile alichokitoa. Daktari amekuja kuniambia mwenyewe, koti limefungwa kifungo. Haikuwa hotuba. Alisema, "Nimeacha nafasi ya kutosha," nami nikasema, "Fundi mzuri huacha." Mume wangu ndiye aliyelazimika kukaa chini.

Kazi haijaisha. Mionzi inakuja, halafu picha za kifua mara kwa mara kwa miaka. Daktari hakunificha lolote, na mimi nimemwambia asijaribu, hiyo ni kazi yangu.

25 Mei

Nimeenda harusini kwa magongo, na kifaa kipya mguuni, cha plastiki na vyuma viwili pembeni. Nilivaa gauni refu la zamani ili lisionekane.

Bibi harusi aliingia, na vichwa vyote vikageuka. Nilitazama bega kwa sababu nalijua. Nililitafuta, wallahi, na jicho langu likateleza. Mama yake aliyekaa mbele yangu alikuwa analia akimtazama usoni, usoni tu.

Baadaye watu wakaanza kunijia, Mfichaji, hongera, mkono wako mkono wako. Kila aliyenipa mkono nilimgeuza bega nikamwelekeza kwa wifi. "Kashona huyu. Mimi nilikuwa nashonwa." Wifi alisimama na sahani ya wali hajui aitue wapi. Nimezoea kupongezwa, nayajua maneno yote, lakini leo nimeyasikia matamu zaidi yakimwendea mwingine.

29 Mei

Jua.

4 Juni

Nimeketi kwenye cherehani yangu. Mguu wa kulia niliuinua kwa mikono nikauweka juu ya kanyagio. Ulikaa kama kifurushi. Nikajaribu wa kushoto. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Nikatunga sindano. Ukakatika tena. Nilishinda hapo hadi chai ya jioni, na nilichopata ni mstari mmoja uliopinda ambao mwanafunzi wangu angefukuzwa nao. Wifi aliendelea kushona huku akijifanya hamnazo. Hakuniambia nitumie mota. Alijua ningemrushia mkasi.

5 Juni

Uzi umekatika.

6 Juni

Umekatika.

10 Juni

Mionzi imeanza. Ngozi itachubuka, wamesema. Nikirudi nakaa kwenye cherehani. Leo gurudumu limekwenda mbele kwa urefu wa mkono mzima.

17 Juni

Mbele, mbele, mbele. Mguu wa kushoto ni mgumu kufundishika lakini ukishaelewa hausahau, kama mwenye nao.

23 Juni

Nimemaliza gauni la wifi. Ndiyo, lile la kushoneana, vipimo vya tarehe 30 Machi, tulivyovipima kabla hajanibonyeza paja. Nimelikanyaga lote kwa mguu wa kushoto. Alilivaa akajigeuza kwenye kioo, akaligeuza ndani nje mbele yangu bila aibu, akapitisha kidole kwenye mishono. Kasoro aliyoipata ni moja, kwenye mkono wa kulia, na ipo kweli.

"La makumbusho," akasema, na hakulivua siku nzima.

24 Juni

Zamu yake. Ametoa langu, la kijani kibichi, kitambaa ambacho amekificha tangu mwaka jana. Nikalivaa. Nyuma ya paja, palipoondolewa nyama, ameweka mkunjo mdogo, basi huoni kwamba upande mmoja umepungua. Sketi inashuka pana hadi sakafuni. Nikatembea mbele ya kioo. Kifaa hakionekani. Hata kuburuza kumefunikwa na mtikisiko wa kitambaa. Lilikuwa gauni bora kuliko lolote nililowahi kuvaa, na ningekuwa mtu mwingine ningeapa yule mwanamke wa kwenye kioo hana alichokatwa.

"Nimekuficha," akasema wifi, akingoja.

"Umenificha vizuri kunipita mimi."

Kwake hilo lilitosha. Lakini mimi nilibaki pale kwenye kioo. Nilimkumbuka yule wa Machi, aliyekuwa akifumua sketi zake upande mmoja na kusema masika hunenepesha. Yeye naye alikuwa amefichwa vizuri. Nikaomba chaki. Niliinama nikishika meza, nikachora mstari chini kidogo ya goti, juu ya vyuma.

"Kata hapa."

"Wifi, kitaonekana chote."

"Kionekane. Nimekipata kwa kazi."

Alinitazama, akautazama mstari, kisha akachukua mkasi wangu mkubwa, ambao hajaurudisha na sijaudai. Alikata mzunguko mzima bila kusita. Pindo alilipiga kwa mota yake, nami nimesimama nimelivaa, nikimwambia asinichome.

Jioni nimetembea kwenda nyumbani, mtaa mzima, kwa gongo moja. Muuza viatu alitoka mlangoni akatazama mguu, akatazama uso wangu, akanisalimia kama anavyosalimia siku zote. Mume wangu alikuwa amesimama kwenye kona akiningoja, akaanza kutabasamu nikiwa bado mbali. Pindo ni la haraka. Lakini limenyooka.